Mume Aoshaye Vyombo Hakulishwa Kitu

Swali hili limenifikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kustahamili, na huja kwa sura moja, awe mwenye kuuliza ametoka Sirari, Nyamongo, Tarime mjini au Mugumu, mkoani Mara: kijana wetu alikuwa mwanamume kamili, ana sauti, ana ng'ombe, wenziwe wakimwita mura, yaani kijana wa kiume kwa Kikurya, kwa staha, na tangu alipooa ameonekana nyuma ya nyumba ameliinamia beseni anasugua sahani, je, si dhahiri kwamba amelishwa limbwata, na dawa ya kumzindua inapatikana wapi? Aghalabu muulizaji ni dada wa mume, pengine mama yake, na kwa nadra ni rika lake walioona haya kuja wenyewe wakamtuma mtu. Mume mwenyewe haulizi kamwe. Yeye anajua kwa nini anaosha: mkewe ana mimba ya miezi minane, au wamerejea wote wawili kutoka shamba saa moja na kwa uchovu mmoja, au sufuria ina ukoko wa ugali wa jana na nyumbani hapana nyingine ya kupikia uji.

Kazi yangu ya ustawi wa jamii ni kusuluhisha watu wa nyumba moja, si kupiga ramli. Lakini madhali ramli ndiyo inayoniharibia kazi, nitaanza nayo, na sitaifupisha.

Limbwata, kwa itikadi ya wanaoliamini, ni kitu kinachotiwa kwa siri katika chakula cha mume, kikauzima ukali wake na kumfanya mtumwa wa mkewe. Natukubali kwa muda, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kitu hicho kipo. Mimea inayogusa akili ya binadamu ipo kweli, na tabia zake zinajulikana: hulaza, hupumbaza, hukausha kinywa, humfanya mtu aone visivyokuwapo na aseme visivyoeleweka. Mtu aliyelewa kwa mmea wa namna hiyo haoshi vyombo, huvivunja. Ama mmea ambao, baada ya kunywewa katika kikombe cha chai, utamwacha mtu ahesabu fedha zake mnadani bila ya kosa, achunge, alime, abishane siasa kama ilivyokuwa desturi yake, kisha umshike mkono jioni tu na kumwongoza hadi kwenye sahani chafu, mmea huo haujaota katika ardhi hii, wala pori la Serengeti, pamoja na wingi wa miti yake, halinao.

Tena watazameni vijana hao hao mahali pengine. Katika hoteli na kambi za kitalii zilizomo ndani ya Hifadhi ya Serengeti na pembezoni mwake, wanaume wanapika na wanaume wanaosha vyombo, na miongoni mwao wamo waliozaliwa Mugumu na vijiji vyake. Huisugua bilauri ya mgeni hata ing'are, wakaielekeza kwenye mwanga kuitazama, wakairudia kama imebaki doa. Jeshini, ambako Wakurya wamepeleka vijana wao tangu zama za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, askari huosha sahani yake mwenyewe baada ya kula, na hajapata kutokea shangazi aliyepanda basi kwenda kambini kumzindua mpwawe kwa sababu hiyo. Kazi ni ile ile na mikono ni ile ile. Mbali na mshahara, kilichobadilika ni kwamba huko hakuna jirani wa kuchungulia juu ya ua.

Na kama hayo hayatoshi, mila ya nyumba ntobhu, ambayo ni ya watu wa Mara wenyewe na haikuletwa na mtu kutoka pwani wala ng'ambo, yatoa ushahidi mzito kuliko wote. Humo mwanamke mtu mzima humtolea mahari ya ng'ombe mwanamke mwenziwe aliye kijana, ili boma lipate watoto na jina lisipotee, na wakaishi pamoja bila ya mume katikati yao. Ugomvi wa masufuria umo katika nyumba hizo, tena mkali: bibi mwenye boma huona kwamba ng'ombe aliowatoa wamemwondolea daima wajibu wa kuosha hata kikombe chake, na yule aliyeolewa, ambaye amechota maji, amekata kuni na mtoto yu mgongoni, huona kwamba ng'ombe hawakununua mikono yake usiku na mchana. Ikiwa kuosha na kutoosha ni kazi ya limbwata, hapo alishwe nani, na alishwe na nani? Ugomvi huu hufuata cheo cha mtu na uchovu wa mtu, basi.

Laiti itikadi hii ingekuwa upuuzi mtupu ningewaachia wazee waitolee hekaya jioni. Lakini ina wafanyabiashara wake. Karatasi zao zimebandikwa katika nguzo za umeme na kuta za stendi, namba ya simu kwa herufi kubwa, na ahadi zao hazitofautiani: kumrudisha mpenzi, kumtuliza mume, kumzindua aliyelishwa. Zingatieni ghiliba yao ilivyo kamili. Mganga mmoja humwuzia mke dawa ya kumlainisha mume Jumatatu, na Ijumaa humwuzia wifi dawa ya kumtapisha limbwata mume yule yule, akapokea fedha kwa milango miwili ya nyumba moja. Mume hunyweshwa maji ya mizizi asiyoijua, hutapika hadi macho yakawa mekundu, na katika matapishi hayo mganga hakosi kamwe kumwonyesha kidonge cheusi au uzi, ambao ameutoa katika mkono wa kanzu yake. Ini na figo za mtu hazina namna ya kujikinga na mizizi isiyojulikana kipimo chake, na aliyetapika hata akaishiwa maji mwilini ni mgonjwa wa kupelekwa zahanati, si mtu aliyezinduka. Akifika nyumbani haoshi tena vyombo, ni kweli. Hana nguvu hata za kusimama, na ndugu husema dawa imeshika!

Simkashifu kila mwenye kutibu kwa miti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewawekea waganga baraza la kuwasajili, na wako wanaofanya kazi yao kwa insafu. Ama anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi na kuwapa watu vifaa vyake, huyo ana sheria yake nyingine, ya tangu mwaka 1928, nayo haimwiti tabibu.

Baada ya kuliondoa hilo njiani, twaweza kuuliza swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo: wanagombania nini hasa? Katika vijiji vingi hugombania maji. Ugali ukishapakuliwa na sufuria ikaachwa wazi hadi asubuhi, ukoko hukauka ukawa kama gome, na kuubandua huhitaji maji maradufu, ilhali maji hayo yamekuja kichwani mwa mke kutoka kisimani. Mume asemaye kwamba vyombo vitaoshwa kesho huwa amekopa ndoo moja bila ya kumwomba mwenyewe. Sababu ya pili ni ya upande wa pili, na wake zetu hawapendi niitaje: mume huosha sahani uso akauacha mgongo na mafuta yake, humaliza ndoo nzima kwa vikombe vitatu, huitia bilauri mchanga ikachubuka, na mke, badala ya kunyamaza hadi wakati mwingine, huvichukua vyombo vile vile mbele ya macho yake akaviosha upya. Mume huyo hatashika tena beseni, nanyi mtasema limbwata limekwisha nguvu. Aibu ya kuoshewa upya imewakimbiza jikoni wanaume wengi kuliko mila zote za ukoo zikijumlishwa.

Sasa, la kufanya, na nitalisema upesi maana halihitaji utaalamu. Anayepakua ugali atie maji kidogo ya baridi katika sufuria papo hapo, ukoko utabanduka wenyewe. Anayepika kwa kuni aipake sufuria kwa nje udongo uliokorogwa na maji kabla ya kuiteleka, na masizi yatatoka pamoja na udongo. Mafuta ya nyama yaoshwe kwa maji ya moto na majivu kama sabuni imekwisha, kwa dodoki na si kwa mchanga. Vyombo vianikwe juu ya kichanja juani, visifutwe kwa kanga iliyombeba mtoto. Aliyepika asioshe, au aliyeosha asichote maji. Chagueni moja na mlishike. Mwenye kuona haya na majirani aoshee ndani, hakuna sheria inayomtaka atoke uani. Anayetaka kusahihisha kazi ya mwenziwe aseme kabla ya kuosha, asirudie baada yake. Watoto wa kiume wafundishwe pamoja na wa kike. Mkishindwa kabisa, afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeagiza pawepo baraza la usuluhishi wa ndoa katika kila kata.

Na wale wanaosema kwamba kuosha vyombo si kazi ya kuhesabiwa wajue kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliihesabu tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, pale ilipoamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, katika kifungu chake cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga, na sufuria yenye ukoko haikutajwa humo kuwa udhuru.