Maumivu ya Hedhi: Ufanye Nini Kama Dawa za Kawaida Huruhusiwi?

Kaka zangu, naomba msigeuze ukurasa. Mna dada, mna wachumba, na wengine Mungu akijalia mtakuwa na mabinti. Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nasoma uhandisi wa mitambo, nina miaka thelathini, na ninachokijua ni mabomba na vali. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuumwa, kwa kuwauliza wauguzi na wafamasia wa hapa Uingereza, na kwa kusoma usiku wakati nilitakiwa niwe naandika tasnifu yangu.

Yalianza hivi. Tangu nikiwa shule ya bweni Tanga, siku ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya kujikunja sakafuni. Mama alisema ni chango. Bibi akasema nikizaa litaisha. Nilipofika chuo kikuu, rafiki akanionyesha diklofenaki, nikaona nimepona kabisa. Nilipokuja huku nikazibeba kwenye begi, maana hapa tangu mwaka 2015 vidonge vyake haviuzwi bila cheti cha daktari.

Mwaka wa kwanza wa uzamivu, wiki ya kuwasilisha ripoti yangu, hedhi ikaingia. Nikameza vidonge siku tatu mfululizo, mara nyingine bila kula kitu. Siku ya nne choo kikawa cheusi kama lami, na nikipanda ngazi za maabara kichwa kinazunguka. Hospitali wakaingiza kamera tumboni, wakakuta kidonda kinavuja damu. Baada ya matibabu daktari akaniambia kwa upole: kundi hilo lote la dawa usiliguse tena. Nikamshukuru. Kisha nikapiga hesabu ya tarehe: zimebaki siku kumi na tisa hedhi ije tena.

Kwa nini dawa itulize huku na kuumiza kule?

Hedhi inapokaribia, utando wa ndani ya mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huuamuru msuli wa mji wa mimba ujikaze ili utando utoke. Zikizidi, msuli hujikaza kwa nguvu mpaka mishipa yake ya damu inabanwa, na msuli ukikosa damu ya kutosha unauma. Ndiyo maana wengine hutapika na kuharisha pia, kwa sababu kemikali hizo hugusa hata utumbo.

Ibuprofeni, aspirini, diklofenaki, naproksini na asidi ya mefenamiki zote huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Ndiyo sababu zinafanya kazi vizuri hivyo. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake. Ni kama kufunga vali kuu ili kuzuia bomba moja linalovuja: nyumba nzima inakosa maji.

Hapa wengi tunajidanganya. Eti ukila kwanza uko salama, au ukichoma sindano dawa haipiti tumboni. Chakula hupunguza kero kidogo, lakini dawa ikishaingia kwenye damu inafika kote, iwe umeimeza au umechomwa. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wote wanapaswa kumwuliza daktari kabla ya kuzigusa. Na tuache tabia ya kugawiana vidonge bwenini. Hujui mwenzako ana nini.

Yaliyonisaidia

La kwanza ni joto, na msilidharau kwa sababu ni la bibi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulilinganisha ibuprofeni na kibandiko cha joto la nyuzi 39 hivi kinachovaliwa chini ya kitovu, na joto halikushindwa. Mimi natumia mfuko wa mpira wa maji ya moto, ule unaouzwa hapa kila duka la dawa. Usitie maji yanayochemka, jaza theluthi mbili tu, toa hewa kabla ya kufunga, na uufunike kwa kitambaa. Mfuko wako una alama ya ua karibu na mdomo. Namba ya katikati ni mwaka uliotengenezwa. Ukipita miaka miwili ya matumizi, nunua mwingine, maana mpira huchakaa na ukipasuka kitandani utaungua vibaya. Kwa darasani kuna vibandiko vya joto vinavyovaliwa juu ya nguo ya ndani. Anza mapema, dalili ya kwanza tu, usisubiri mpaka uanze kulia.

La pili ni kimashine cha TENS. Ni kiboksi kidogo cha betri chenye waya na vibandiko, kinapitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Unasikia mchomo mwepesi kama mguu uliokufa ganzi unapozinduka. Inaaminika kwamba mapigo hayo huzuia taarifa ya maumivu isifike vizuri kwenye ubongo. Kwa hedhi, mapigo ya haraka, kati ya 50 na 120 kwa sekunde, ndiyo yaliyoonekana kusaidia. Mimi navaa chini ya sweta hata kwenye semina, na hakuna anayejua. Wenye kifaa cha moyo, wenye kifafa na wajawazito wasitumie bila kumwuliza daktari.

La tatu ni parasetamoli. Nguvu yake kwa hedhi ni ndogo kuliko zile, lakini kwa vidonda vya tumbo ni salama zaidi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na aache saa nne au zaidi kati ya dozi. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Angalieni pia zile dawa za mafua za kukoroga kwenye maji ya moto: nyingi zina parasetamoli ndani, na ukijumlisha unaweza kuharibu ini bila kujua.

La nne ni mazoezi, tena siyo siku ya maumivu peke yake. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2019 zilionyesha kwamba kufanya mazoezi dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki, kunaweza kupunguza maumivu. Kutembea haraka kunatosha. Tangawizi nayo ilionyesha dalili nzuri katika tafiti kadhaa ndogo, kwa hiyo chai ya mama siyo ya kuchekwa. Ila kama nayo inakuletea kiungulia, achana nayo.

La tano tunaliogopa: dawa za homoni. Vidonge, kipandikizi cha mkononi, au kitanzi chenye homoni hufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, hivyo prostaglandini zinapungua tangu chanzo. Mimi nilikataa mwaka mzima. Niliwaza, mama akiona pakiti ya uzazi wa mpango ataelewaje, na mimi sijaolewa? Muuguzi akaniambia: hii ni dawa ya maumivu yako, na wewe ndiye unayeumwa. Nikajaribu. Vidonge na kipandikizi haviharibu uzazi. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi. Si za kila mtu, hata hivyo. Mwenye historia ya damu kuganda, shinikizo la damu, au kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, asipewe vidonge vya mchanganyiko, na kuna aina nyingine za kuchagua. England dawa hizi ni bure, na sisi wanafunzi tumeshalipia huduma ya afya tulipoomba viza. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza unapofika, usisubiri kuumwa.

Lini uache kujitibu

Baada ya haya yote bado kulikuwa na kitu. Maumivu yangu yalianza kuja hata siku ambazo si za hedhi, na nikienda haja kubwa. Nikarudi kwa daktari nikiwa nimeandika kila kitu kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, kiwango cha maumivu toka 0 mpaka 10, kama tunavyorekodi vipimo vya mashine. Daftari hilo ndilo lililofanya nisikilizwe. Nilipelekwa kwa bingwa, na ikaonekana nina endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba inaota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata wanawake na wasichana milioni 190 hivi, kama mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Kipimo cha picha kikionyesha huna kitu, hiyo peke yake haimaanishi huna. Wengine kumbe wana vivimbe kwenye mji wa mimba, ambavyo kwetu wenye asili ya Afrika hutokea zaidi.

Kwa hiyo nenda ukaonwe kama maumivu yanakulaza kila mwezi, yanabadilika, yanakuja wakati wa tendo la ndoa au chooni, au unalowesha pedi kila saa moja au mbili. Na kama hedhi imechelewa na unasikia maumivu makali upande mmoja, au umezimia, usitafute mfuko wa maji ya moto. Huenda ni mimba iliyotunga nje. Piga 999.

Mwaka jana nikampigia mama, nikamweleza jina la chango langu. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilivumilia miaka ishirini, nilidhani ndivyo tulivyoumbwa." Halafu akaniuliza ile mifuko ya mpira inauzwaje, maana mdogo wangu yuko kidato cha tatu na kila mwezi anakosa shule siku mbili. Nimemtumia mfuko na daftari tupu. Nimemwambia aandike.

Wasalaam.