Je, Wajua? Nodi ya Bitcoin kwenye Diski Ndogo

• Daftari zima la Bitcoin, tangu bloku ya kwanza ya Januari 3, 2009, limeshapita GB 600. Kompyuta ya mtumba yenye diski ya GB 256 hailimezi.

• Si lazima ulihifadhi lote. Tangu Julai 2015, programu ya Bitcoin Core ina uwezo wa kupogoa: andika prune=550 kwenye faili la bitcoin.conf, na bloku za zamani zitafutwa zikishakaguliwa, zibaki za karibuni tu, kama MB 550.

• MB 550 si hesabu yote. Orodha ya sarafu ambazo hazijatumika haipogolewi, nayo peke yake inakula zaidi ya GB 10. Tenga GB 30 uwe na amani.

• Kinachomuumiza mtu wa Mbagala au Tegeta si diski, ni bando. Nodi inayopogoa, yaani kompyuta inayoendesha Bitcoin Core kwa mtindo huo, hupakua zile GB 600 na ushee zote, hukagua bloku moja moja, ndipo hufuta. Nafasi umeokoa, bando, hata MB moja hujaokoa.

• Luku ikiisha na umeme ukakatika ghafla, hifadhidata inaweza kuharibika. Mwenye daftari kamili hukagua upya kutoka kwenye diski yake. Aliyepogoa huanza kupakua tena tangu 2009. Ndiyo maana laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani.

• Jamaa wa Sinza mwenye daftari kamili anaweza kukunakilia bloku kwenye diski ya nje. Panda nayo daladala hadi Tandika. Huhitaji kumwamini, maana mashine yako itazikagua yenyewe kuanzia ya kwanza.

• Ukishaifikia bloku ya leo, mzigo hupungua: bloku mpya hutoka kila baada ya dakika 10 hivi, takriban 144 kwa siku. Ukiongeza blocksonly=1, nodi haipokei tena miamala inayosubiri, na bando linadumu.

• Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania. Hali kama hiyo ikitokea, usihangaike: mtandao ukirudi, nodi huomba bloku ilizokosa na kuendelea.

• Nodi haikulipi hata senti. Sarafu mpya ni za wachimbaji. Na Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, ingawa tangu 2024 uhamishaji wa mali za kidijitali unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 3.

• Kwa hiyo, kabla ya kukimbilia Kariakoo kununua diski kubwa, tafuta kwanza intaneti isiyo na kikomo ya mwezi mmoja.