Andazi halipandi bei, hupungua

Mwenye duka Mchafukoge au Kariakoo hana haja ya hoteli ili afungue kinywa. Kabla ya saa 1 asubuhi mama lishe wamekwisha kaa na masufuria yao, upande huu na ule wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maandazi yapo, chapati, vitumbua, mihogo, supu na chai ya rangi. La kuangalia ni wapi fedha ile ile inashibisha zaidi.

Bei ya andazi hudanganya. Hutajwa kwa sarafu iliyopo mfukoni, shilingi 100, 200 au zaidi. Hakuna muuzaji wa kudai 215. Unga ukipanda, yeye hupunguza donge. Bei husimama pale pale miezi mingi, uzito ukishuka, kisha siku moja bei huruka kwa mpigo. Mnunuzi mzoefu hulipima andazi mkononi. Lililojaa hewa hupendeza macho, lakini saa 4 njaa imekwisha rudi.

Chanzo kiko mbali na karai. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi ni mmoja wa wauzaji. Vita vya Ukraine vilipopamba moto kuanzia Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na mafuta ya kula nayo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ilizuia mafuta hayo kuuzwa nje kwa wiki kadhaa. Mkaanga maandazi akabanwa kwa unga na kwa mafuta.

Kitumbua kina nafuu yake. Ni cha mchele, na mchele unalimwa hapa hapa, Mbeya, Morogoro na Shinyanga. Tena kila shimo la chuma hutaka mafuta kidogo tu, wakati andazi huogelea. Muhogo wa kuchemsha haudai unga wala mafuta. Supu na chapati ni ghali kuliko vyote, lakini wabeba magunia huichagua, nao wanajua hesabu ya tumbo.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayeitamani biashara hii, faida huanzia kwenye kununua unga kwa mfuko badala ya kilo moja moja dukani. Fedha hurudi siku ile ile. Andazi lililolala halina mteja, na hasara kubwa zaidi hutoka kwenye daftari la wanaokunywa chai leo na kuahidi kulipa Jumamosi.