Paka Wako Anakuambia Nini?

Paka ni mlinzi wa ghala lako. Yeye huwakamata panya wanaokula mahindi, mtama na mbegu ulizoweka kwa ajili ya msimu ujao. Lakini paka akiugua hapigi kelele. Huficha maumivu yake. Je, utajuaje kwamba anaumwa? Mtazame mwili wake.

PAKA MZIMA

Paka mzima hula vizuri. Hujilamba kila siku, na manyoya yake hung'aa. Akikujia mkia wake ukiwa umesimama wima, anakusalimu. Akilala ubavu na kunyoosha miguu, hana wasiwasi.

PAKA MGONJWA

Paka mwenye maumivu hujikunyata na kuinamisha kichwa. Hufumba macho nusu. Masikio yake huelekea pembeni. Hajilambi, kwa hiyo manyoya yake huwa machafu. Hujificha uvunguni au nyuma ya mitungi. Ukimgusa panapouma, hukuparua. Usimpige. Huo si ukaidi, ni maumivu.

Paka dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, huenda njia ya mkojo imeziba. Asipotibiwa upesi, hufa katika siku chache. Mwone Afisa Mifugo siku hiyo hiyo.

Usimpe paka dawa za watu. Kidonge kimoja tu cha parasetamo kinaweza kumwua.

JIHADHARI NA KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu una jina la mbwa, lakini paka naye huupata. Kisha humwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumparua.

Dalili zake ni hizi. Paka mpole huwa mkali ghafla. Hushambulia watu au wanyama bila kuchokozwa. Mate humtoka. Hushindwa kumeza. Huyumbayumba anapotembea.

Ukiona dalili hizo, usimshike paka huyo. Waondoe watoto karibu naye. Mwarifu Afisa Mifugo na viongozi wa kijiji mara moja.

MTU AKING'ATWA AFANYE NINI?

Kwanza, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Asione jeraha ni dogo akaliacha.

Pili, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo aulizie chanjo. Asipake majani na kungoja. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, ni vigumu sana kupona. Karibu wote hufa. Lakini akiosha jeraha na kupata chanjo mapema, ataokoka.

Ndugu msomaji, siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, usimpeleke mbwa peke yake. Mtie paka wako katika kikapu chenye kifuniko, naye achanjwe. Hapo utakuwa umelinda ghala lako, na watoto wako pia. Kinga ni bora kuliko tiba.