Anga la Buluu la Beijing

Mwaka 2011 jiji la Beijing lilitangaza kuwa limepata siku 286 za "anga la buluu". Wakazi wake walibaki wakiulizana ni anga lipi hilo, maana mwaka huohuo zilipita siku ambazo hata ghorofa la ng'ambo ya barabara halikuonekana. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye kilichopimwa. Jiji lilihesabu gesi pamoja na PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10, likaziacha chembe laini za PM2.5. Unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hizo karibu mara 30. Pua na koo hazizizuii. Hushuka hadi vilindi vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Ubalozi wa Marekani ulikuwa ukizipima juu ya paa lake tangu 2008 na kutangaza matokeo kila saa. Novemba 2010 kiwango kilipita mwisho wa kipimo, na mtambo ukatoa maneno ambayo mtu fulani aliyapanga akiamini hayatatumika kamwe: hewa ni mbaya kiwendawazimu. Habari zikasambaa kwenye simu. Juni 2012 naibu waziri wa mazingira wa China alizitaka balozi ziache kutangaza takwimu hizo, lakini watu walikuwa wamekwisha kuzionja.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo imani kwa serikali ilipotikisika. Moshi wa makaa ya mawe wakazi waliuzoea miaka mingi, na wengi waliuita ukungu tu. Waliposhika mkononi tarakimu mbili zinazopingana, swali likawa nani anasema kweli. Mfanyabiashara wa majengo Pan Shiyi aliendesha kura mtandaoni kuhusu kipimo cha PM2.5, na mapema 2012 jiji likaanza kutangaza takwimu zake lenyewe.

Januari 2013 kipimo cha ubalozi kilifika mikrogramu 886 kwa mita ya ujazo, wakati Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri wastani usiozidi 25 kwa siku. Mwaka huohuo ukatoka mpango wa kitaifa wa kupunguza makaa. Wastani wa mwaka wa PM2.5 jijini Beijing ulishuka kutoka 89.5 mwaka 2013 hadi 33 mwaka 2021.

Ni mafanikio ya kweli. Lakini macho yanaweza kumfanya mwananchi aisifu serikali mapema mno. Chembe laini zilipopungua, ozoni ya karibu na ardhi iliongezeka katika miji mingi ya China. Hutokana na gesi za magari na viwanda zinapopigwa na jua, haina moshi, na siku zake mbaya ndizo hasa zenye anga safi. Mkazi akitazama juu, haoni la kulalamikia.

Afrika Mashariki tuna jambo la kuangalia hapa. Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza takwimu za hewa za balozi zake, Kampala ikiwamo. Wakampala hawakubaki gizani, kwa kuwa mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo vya gharama nafuu tangu 2015, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Nairobi na Dar es Salaam, bajeti ya vipimo vya namna hii iulizwe kwenye vikao vya madiwani, kata kwa kata, na matokeo yatangazwe kila saa, hata siku ambayo yanaiaibisha halmashauri yenyewe.