Acheni Kuchoma Brashi

Mwezi uliopita msichana mmoja ninayemfundisha kupamba maharusi alisimama kwenye kibanda cha vipodozi mjini Kericho, akachomoa unywele mmoja kwenye brashi ya poda, akawasha kiberiti. "Madam, inanuka nywele kabisa. Si hii ni orijino?" Kabla sijamjibu alikuwa ameshalipa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa na koito, sherehe ya uchumba, huko Litein, na kila brashi ile ilipogusa shavu la binti mwenye sherehe, alirudisha kichwa nyuma. Tukamalizia kwa pamba.

Wiki hii nimeulizwa swali hilohilo mara mbili tena: nitajuaje kwamba brashi ni ya nywele halisi? Wanaouliza ni watu makini, wenye pesa kidogo waliyoiweka kando, na ndiyo sababu linaniumiza. Swali hilo linawaongoza moja kwa moja kwenye brashi mbaya.

Kiberiti hakidanganyi. Nywele za mnyama zimejengwa kwa keratini, kama kucha zetu na pembe za ng'ombe, kwa hiyo zikiungua zinatoa ile harufu ya kuungulia na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Nailoni huyeyuka, ikajikunja na kuwa kidonge kigumu. Basi, umejua hilo. Hujajua ni mnyama gani. Nywele za nguruwe zinanuka vilevile kama za mbuzi au za kindi, ilhali za nguruwe ni ngumu, ndizo zinazofungwa kwenye brashi za kupakia rangi kuta. Zikipitishwa kwenye kiberiti zinafaulu mtihani, na uso unafeli. Wala unywele mmoja hauwezi kukueleza kama zilizobaki zimechanganywa na nailoni.

Kubwa zaidi, moto unaunguza kitu chenyewe ulichopaswa kukichunguza, yaani ncha. Unywele wa mnyama ambao haujawahi kukatwa humalizikia kwa ncha nyembamba iliyochongoka, na ulaini wote unatoka hapo. Mafundi wa Kumano, mji wa mkoa wa Hiroshima nchini Japani unaosifika kwa brashi, hupanga nywele mpaka umbo la kichwa lijitokeze lenyewe, bila kugusa ncha. Kazi hiyo ni ya mkono, na bei yake si ya mfuko wako wala wangu. Kiwanda kinachosaka bei ya chini hufunga nywele kwanza, kisha kikapitisha mkasi juu ili kichwa kiwe mviringo. Aliyewahi kukatiza kwenye shamba la chai lililopogolewa juzi anajua vile visiki vinavyochoma miguu. Ndicho kinachotokea shavuni: nywele halisi, kila moja imegeuzwa kisiki. Nailoni nzuri ya siku hizi huchongwa ncha kiwandani, kwa hiyo nyuzi za bei ya chini zinaweza kukutelezea usoni vizuri kuliko mbuzi aliyekatwa kwa mkasi.

Halafu neno lenyewe, "halisi", limepewa heshima lisiyostahili. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, watu wa Uingereza na Marekani, wakiwemo wanajeshi, waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea ndevu. Zilitengenezwa kwa nywele za farasi zilizoagizwa kutoka mbali bila kusafishwa ipasavyo. Wafugaji wa Bomet hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Sisemi utaugua leo, kwa sababu viwanda vinavyojiheshimu huua vijidudu kwenye nywele kabla ya kuzifunga. Ninachosema ni kwamba kutoka kwa mnyama si cheti cha ubora wala cha usafi. Mswaki wa dukani ulikuwa wa nywele za nguruwe mpaka nailoni ilipoingia mwaka 1938. Meno yameikubali nailoni kwa zaidi ya miaka 80, na uso nao unaweza.

Nywele za mnyama zina sifa moja ya kweli, nami naitambua. Juu yake kuna magamba madogo sana yanayoshika poda na kuiachia kidogokidogo. Kwa poda kavu, brashi nzuri ya mbuzi ni raha. Lakini magamba hayohayo hunywa faundesheni ya maji na krimu, ukalipa mara mbili: kwa chupa inayoishia ndani ya brashi, na kwa usumbufu wa kuiosha. Kisha fikirieni tunapoishi. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua ya alasiri ni desturi yetu. Brashi ya mbuzi iliyooshwa Ijumaa jioni bado ina unyevu katikati Jumamosi asubuhi, na poda ikikutana na unyevu inaganda madoamadoa usoni. Nailoni ukiikung'uta vizuri inaamka imekauka.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni: nitapakia nini, na kitu hiki kimefungwaje?

Sasa ya kununua, kwa haraka. Achana na ile seti ya brashi 24 kwenye mfuko unaong'aa. Unahitaji nne: ya poda, ya faundesheni, ya kope, na nyembamba ya wanja na nyusi. Ukiwa kibandani, bonyeza kichwa kwenye kiganja. Kirudi chenyewe, wala usione kirahisi ndani ya bati linaloshikilia nywele. Kipitishe upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kisha kidonoe wima, maana ncha mbaya hujificha kwenye kupapasa na kujitokeza kwenye kudonoa. Vuta taratibu. Nywele mbili tatu za mwanzo ni za kawaida, zikiendelea kutoka, rudisha. Shika lile bati ujaribu kuzungusha mpini. Ukicheza, gundi imeshashindwa kabla hujaanza kuosha. Paka nywele kwenye karatasi nyeupe yenye maji, rangi ikitoka, itatoka pia usoni. Jina kubwa la ng'ambo kwenye mpini, kwa bei ya sahani ya chipsi, usilipie hata shilingi.

Ya wanja tafuta duka la vitabu. Tangu mtaala wa shule wa CBC uanze, maduka hayo yamejaa brashi za nailoni za wanafunzi za kuchorea, na ile ya mviringo yenye ncha kali huchora wanja vizuri sana. Iwe mpya na iwe ya uso peke yake. Mkiwa wanne au watano, changeni, mmoja apande gari hadi Dubois Road, Nairobi, anunue kwa jumla, lakini aende na karatasi yake na chupa ya maji.

Kuosha: maji vuguvugu, shampuu ya mtoto au tone la sabuni ya vyombo, kichwa kikielekea chini ili maji yasiingie kwenye bati na kulegeza gundi. Usichemshe. Usitie Jik. Usianike juu ya jiko. Zifunge kwenye kamba, vichwa chini, zilale hivyo. Na kama unapamba watu kadhaa siku moja, kila uso na brashi yake safi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, walipopima vipodozi vinavyotumika majumbani walikuta takribani tisa kati ya kumi vina bakteria, na sponji ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi.

Yule msichana amenunua nyingine, ya nailoni, baada ya kuidonoa mkononi mwake mara kumi hivi mbele ya muuzaji. Jumamosi iliyopita tulikuwa Sotik. Binti tuliyempamba alisinzia kitini brashi ikimpitia.