Isishuke au Isishuke Zaidi? Sarufi na Usalama katika Ukaguzi wa Injini Ndogo za Ndege

Makala haya yanafafanua ukaguzi wa injini ya pistoni kabla ya ndege kuruka, kwa mfano wa Cessna 172S, ili kuonyesha kuwa usahihi wa sarufi katika kutafsiri miongozo ni suala la usalama.

Injini inapowaka, rubani hutazama kwanza shinikizo la oili. Lisipoonekana ndani ya sekunde 30 katika hali ya joto la kawaida, huizima injini, kwani vyuma vinavyosuguana bila oili huharibika upesi. Baadaye hukaza breki na kuipandisha injini hadi mizunguko 1,800 kwa dakika ili kupima magneto mbili zinazozalisha cheche. Kila silinda ina plagi mbili, kila moja ikihudumiwa na magneto yake. Inapobaki magneto moja, mchanganyiko wa hewa na petroli huwashwa upande mmoja tu. Uunguaji huchelewa na mizunguko hushuka. Mwongozo huruhusu kushuka kusikozidi mizunguko 150, na tofauti kati ya magneto hizo isizidi 50.

Mfasiri akiandika “mizunguko isishuke” badala ya “isishuke zaidi ya 150”, amegeuza dalili ya hatari kuwa dalili ya uzima. Mizunguko isiposhuka kabisa, huenda waya unaoizima magneto umekatika. Magneto hujizalishia umeme bila betri. Kwa hiyo, fundi akizungusha kwa mkono rafadha, yaani panga la mbele la ndege, injini inaweza kushtuka na kumjeruhi, ingawa ufunguo umezimwa.

Kiswahili kina nyenzo ya kueleza hatari hiyo. “Imezimwa” hutaja tendo la mtu; “imezimika” hutaja hali ya kifaa. Magneto inaweza kuwa imezimwa na isiwe imezimika. Ukaguzi huu upo ili kuhakikisha kuwa tendo limezaa hali.

Inapendekezwa kuwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wakala wa Jumuiya unaosimamia usalama wa anga, wenye makao Entebbe, waandae ufafanuzi wa pamoja kwa wanafunzi wa urubani na ufundi. Mwongozo ulioidhinishwa wa mtengenezaji uendelee kuwa rejea ya mwisho, na kila sentensi ya Kiswahili ihakikiwe na fundi na mwanaisimu wakiwa wameketi pamoja.